Moshi umeshapotea, mbona mtoto bado anakohoa?

SWALI: Shikamoo daktari. Nauza chai na maandazi Chang'ombe, hapa Dodoma. Siku tatu zilizopita palitokea vurugu mtaani kwetu, polisi wakapiga mabomu ya machozi na moja likadondokea uani. Tulijifungia ndani na watoto, moshi ukatufuata humohumo. Mwanangu wa miaka 4 ana pumu na mpaka leo anakohoa usiku. Mdogo wangu wa kiume alikuwa barabarani na wenzake, akapuliziwa ile ya pilipili usoni. Jicho moja bado jekundu na halitaki mwanga, lakini hospitali hataki, anasema ataulizwa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Nina mtoto mwingine wa miezi 5, bado ananyonya. Majirani wengine wanasema haya ni mambo ya dakika kumi, tusijitie hofu. Wengine wanasema moshi huu unaua taratibu. Nimwamini nani?

JIBU: Marahaba mama, na poleni sana. Nitaanza na wawili wasioweza kusubiri nimalize maelezo yangu, mdogo wako na mwanao mwenye pumu. Majirani nitawafikia baadaye.

Mdogo wako aende hospitali leo. Jicho lililopuliziwa pilipili huwaka kama limetiwa kaa la moto, linafumba lenyewe, machozi na makamasi vinatiririka pamoja. Lakini mtu akipata hewa safi na kunawa vizuri, kwa kawaida maumivu hupungua ndani ya nusu saa hadi saa moja, na wekundu hufifia kesho yake. Jicho ambalo siku ya tatu bado linakimbia mwanga tulichukulie kuwa limejeruhiwa mpaka mtu mwenye taa na ujuzi alitazame. Mara nyingi ni mchubuko kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Pilipili hutia ganzi konea kwa muda baada ya kuichoma, kwa hiyo kijana anasugua bila kuhisi kwamba anajichubua. Ongeza na vumbi la kiangazi chetu hapa Dodoma, kila anaposugua anasugua na mchanga.

Uchunguzi wenyewe hauchukui hata dakika tano. Daktari anadondosha tone la rangi ya machungwa iitwayo fluoresini, anazima taa ya chumba, anamulika kwa mwanga wa bluu. Konea ikiwa nzima huoni kitu. Ikiwa imechubuka, panang'aa kijani palepale penye jeraha, wakati mwingine mstari mwembamba kama uliochorwa na ukucha. Mchubuko mdogo ukitibiwa hupona ndani ya siku chache kwa mafuta ya macho ya antibayotiki. Ukiachwa ukaingia wadudu, unageuka kidonda, na kidonda cha konea huacha kovu jeupe mbele ya mboni.

Naomba jambo moja asilifanye: asiende duka la dawa kununua matone yenye deksamethasoni, yale ya mchanganyiko na antibayotiki ambayo wengi huyachukua bila cheti kwa sababu yanaondoa wekundu haraka. Wekundu unaondoka kweli, lakini kinga ya jicho inashuka na wadudu wanapata nafasi. Maji ya majani na dawa nyingine za kienyeji nazo zisikaribie jicho hilo. Na kama kwenu kuna aliyewahi kuugua vikope, yaani trakoma, awe mwangalifu mara mbili. Mkoa wetu, hasa Kongwa, umepambana na ugonjwa huo kwa miaka mingi, na jicho ambalo kope zake zimeshakunjamana kwa makovu halina ulinzi wa kutosha hata dhidi ya vumbi la kawaida.

Kuhusu PF3, namwelewa kijana, na sitamwambia hofu yake ni ya kijinga. Nilipokuwa daktari wa mafunzo nilimpokea mtu wa rika lake aliyekuwa amedaiwa fomu hiyo kwenye mlango wa kituo kimoja cha tiba mpaka akakata tamaa na kurudi nyumbani. Alitufikia siku ya tano, konea ikiwa na kidonda cheupe cha ukubwa wa punje ya mchele. Jicho tuliliokoa, uwezo wa kuona hatukuuokoa. Tangu siku ile nawaambia wauguzi na walinzi wote ninaofanya nao kazi kwamba PF3 ni karatasi ya ushahidi, si kibali cha kutibiwa. Mgonjwa wa dharura hutibiwa kwanza, fomu inafuata. Mdogo wako akifika aeleze alipuliziwa nini, saa ngapi, kwa umbali gani, na alinawa na nini. Hayo ndiyo tunayoyahitaji. Tukio lilikuwa la nani na yeye alikuwa upande gani si swali la kitabibu.

Sasa mtoto. Kesho asubuhi mpeleke kliniki hata kama mchana anacheza. Leo usiku fanya hivi: akiwa amelala, funua kifua chake, chukua simu yako uweke dakika moja kamili, uhesabu pumzi. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Tazama pia chini ya mbavu: kama panabonyea ndani kila anapovuta hewa, au anatoa mlio wa filimbi, au midomo inakuwa ya kijivu, au hawezi kumaliza sentensi aliyokuwa akiisema, usisubiri asubuhi. Panda bodaboda, bajaji, chochote kilichopo.

Kama mna pampu ya salbutamoli nyumbani, itumieni kupitia chupa. Wazazi wengi humbonyezea mtoto pampu mdomoni moja kwa moja, dawa inaishia kwenye ulimi. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, safi na kavu. Pasha waya moto, utoboe kitako cha chupa tundu la umbo la mdomo wa pampu, ili pampu iingie ibane bila kuvujisha. Mtoto anaweka midomo kwenye shingo ya chupa, unabonyeza mara moja, anavuta na kutoa pumzi tano au sita polepole. Kisha unatikisa pampu na kubonyeza tena. Madaktari wa Cape Town waliupima ujanja huu na kuuchapisha mwaka 1999, na chupa ilifanya kazi sawa na kifaa cha dukani. Kwa shambulio la pumu, mtoto wa umri wake huanza na mibonyezo 2 hadi 6, mmoja baada ya mwingine. Baada ya dakika 20 akiwa bado anahangaika, rudieni mkiwa njiani kuja hospitali. Sirapu ya salbutamoli isikupe matumaini usiku kama huo, inachelewa sana.

Sasa nije kwenye jina, kwa sababu jina ndilo lililowapotosha majirani. Tunasema moshi, tunasema gesi, na gesi ikipeperuka tunadhani yamekwisha. Kitu hiki si gesi. Kemikali inayotumika zaidi duniani huitwa CS, herufi za mwanzo za Wamarekani wawili, Corson na Stoughton, walioitengeneza mwaka 1928. Katika hali ya kawaida ni unga mweupe wa chengachenga. Ndani ya bomu huchanganywa na kiwashio kinachoungua kwa joto kali. Unga unageuka mvuke, mvuke ukikutana na hewa ya nje unarudi kuwa chembe ndogo mno, na chembe hizo ndizo wingu mlilolikimbia. (Ndiyo maana kopo la bomu huunguza mkono hata likionekana limezimika. Watoto wasiliokote.) Unga ukishaelea hutua. Unatua kwenye nywele, kwenye pazia, kwenye shuka, kwenye godoro. Mwanao anapojigeuza usiku kitandani, zile chembe zinainuka tena na kuingia kwenye njia za hewa ambazo tayari zina uvimbe wa pumu. Mimi ningelishuku godoro hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Kinachouma ni neva zenyewe. Umeshawahi kukata pilipili kichaa halafu ukajisahau ukashika jicho, unajua. Kemikali ya pilipili, kapsaisini, inabonyeza kitufe kwenye neva ambacho kazi yake ni kutambua moto. Ubongo unapokea habari kwamba uso unaungua ilhali hakuna moto. David Julius wa Marekani alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, pamoja na mwenzake Ardem Patapoutian, kwa kazi iliyohusisha kukigundua kitufe hicho. CS inabonyeza kitufe kingine cha jirani, chenye kazi ya kunusa vitu vya sumu. Mwili unajibu kwa kufunga kila mlango: kope zinafumba, kamasi inamwagika, mirija ya mapafu inakaza. Kwa mtu mzima mwenye afya, aliye mahali pa wazi, milango hiyo hufunguka ndani ya dakika 15 hadi 30. Kwa mwenye pumu, mlango wa mapafu unaweza kugoma kufunguka.

Hapo ndipo majirani wako wa "dakika kumi" wanapokosea. Wamejipima wao, watu wazima, barabarani, upepo ukivuma. Mwaka 2017 yalichapishwa mapitio ya tafiti kuhusu kemikali hizi kutoka nchi mbalimbali: kati ya watu 5,131 walioumia, 58 walibaki na ulemavu wa kudumu na wawili walikufa. Majeraha mengi yalikuwa madogo, na hilo lazima niliseme wazi ili nisikutie hofu isiyo na msingi. Lakini yaliyo makubwa hutokea kwa njia zinazojulikana. Kopo likimpiga mtu kichwani au jichoni kwa kasi, hapo hatuzungumzii machozi tena, tunazungumzia fuvu na mboni. Na kemikali ikiingia mahali palipofungwa, kipimo chake kinapanda mara nyingi. Mwaka 2013 nchini Misri mahabusu 37 walikufa ndani ya gari la kuwasafirishia baada ya kufyatuliwa gesi ya machozi humo ndani. Mwaka 2022 kwenye uwanja wa Kanjuruhan, Indonesia, mabomu yalipigwa kuelekea majukwaani, watu wakakimbilia milango, wakafa 135, wengi kwa kukanyagana na kubanwa. Na jirani zetu wa Kenya hawajasahau Januari 2015, watoto wa shule ya msingi Lang'ata Road jijini Nairobi walipopigwa mabomu ya machozi wakiwa na sare zao, wakitetea kiwanja chao cha kuchezea. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, mirija yake ni myembamba, na kimo chake kinamweka karibu na ardhi ambako wingu hili hupenda kutanda. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2020 unasema kemikali hizi zisitumike mahali palipofungwa pasipo na njia ya kutokea, na makopo yasilengwe kwa watu. Mkataba wa kimataifa wa silaha za kemikali unakataza kuzitumia kama njia ya kupigana vita, ingawa unaruhusu polisi wazitumie ndani ya nchi. Mimi kama daktari sijawahi kuona mapafu yanayojua tofauti ya vita na mtaa.

Nanyi mlipojifungia ndani hamkukosea. Mabomu yakipigwa mbali, kufunga madirisha na kuziba chini ya mlango kwa kitambaa kilicholowa ndiyo njia. Lakini bomu likidondoka uani penyewe, au moshi ukishajaa chumbani, nyumba inageuka mtego. Hapo toka na watoto, nenda upande upepo unakotokea, tafuta mahali pa juu, umbebe mdogo begani.

Wale wengine wanaosema unaua taratibu nao nawapunguza kasi. CS huvunjika upesi ikikutana na maji ya mwili, haikai kwenye damu miaka na miaka. Kilichothibitishwa ni kwamba inaacha njia ya hewa ikiwa dhaifu kwa muda. Wanajeshi wapya wa Marekani wapatao 6,700, waliofuatiliwa mwaka 2012 baada ya kupitishwa kwenye chumba cha CS mafunzoni, waliugua magonjwa ya njia ya hewa zaidi ya mara mbili ya walivyokuwa wakiugua kabla. Hao ni vijana waliopimwa afya wakaonekana imara. Wanawake nao, kwenye dodoso la mtandaoni la watu 2,257 walioguswa na gesi mjini Portland, Marekani, mwaka 2020, zaidi ya nusu walitaja mabadiliko ya hedhi. Lilikuwa dodoso la waliojitokeza wenyewe, si kipimo cha maabara, lakini nikikutana na mama mwenye shida hiyo baada ya tukio kama hili simwambii anajitungia.

Najua mmejaribu mengi, kwa hiyo niyapitie. Maji kidogo huzidisha mwasho kwa sababu yanasambaza unga bila kuuondoa, ndiyo maana watu wanasema maji ni mabaya. Dawa yake ni maji mengi. Maji Chang'ombe si ya kuchezea, nafahamu, na ndoo ina bei yake. Basi tumieni chupa ya lita moja na nusu iliyotobolewa kifuniko, au kibuyu chirizi kama mnacho. Mtu alaze kichwa upande wa jicho linalouma, maji yatiririke kutoka puani kwenda sikioni ili uchafu usiingie jicho la pili, kwa dakika 10 hadi 15. Pilipili ina mafuta, hivyo ngozini inahitaji sabuni ya kuogea isiyo kali, kisha maji. Maziwa yalipimwa kwa watu 49 waliopakwa pilipili kwa hiari yao, yakalinganishwa na maji, shampuu ya watoto na dawa mbili nyingine. Hakuna kilichoshinda, kilichowasaidia wote ni muda. Maziwa ya kwenye kidumu si safi kwa jicho, mpe mtoto anywe. Mafuta ya mgando na dawa ya meno vinanasa kemikali kwenye ngozi na kuikalisha hapo. Kitunguu, siki na ndimu viacheni jikoni. Na mtu akimwagiwa yale maji ya kuwasha ya gari la washawasha, avue nguo zote zilizolowa na kuoga hivyohivyo, kwapani na mapajani ndiko kunakowaka zaidi kwa sababu ya jasho.

Sasa nyumba, na hapa naomba nguvu zako zote, kwa sababu kikohozi cha usiku cha mwanao naamini kinaanzia hapa. Mpeleke yeye na mdogo wake kwa jirani au kwa bibi yao kwa siku nzima. Funga kitambaa puani, fungua madirisha yote na milango upepo upite. Usifagie kwa ufagio mkavu, utakuwa unalirusha bomu upya. Futa kwa matambara yaliyolowa, kuanzia juu kwenda chini: kenchi, madirisha, meza, halafu sakafu. Kwenye maji ya sakafu weka sabuni na kijiko cha magadi, CS huvunjika haraka zaidi kwenye maji ya aina hiyo. Magadi ni ya sakafu tu, si ya jicho wala ngozi. Jiki usiitumie kabisa, ikikutana na CS inaweza kutoa kitu kibaya zaidi. Nguo za siku ile zitenge kwenye mfuko, uzifue peke yake mara mbili kwa maji ya baridi. Ya moto hupandisha mvuke wa kemikali usoni kwako. Godoro litoe nje kwenye jua na upepo siku nzima, uligeuze mchana, ulipangushe kwa kitambaa kibichi kabla ya kulirudisha. Unga na maandazi yaliyokuwa wazi siku ile usiwauzie watu. Najua ni hasara, mama.

Mtoto wa miezi 5 endelea kumnyonyesha. Kilichokuwa hatari kwake ni unga ulio kwenye nguo na ngozi yako, kwa hiyo baada ya usafi oga, nywele pia, badili khanga, osha titi, kisha mpe. Akikataa kunyonya, au akipumua kwa shida, au akilegea, aje siku hiyohiyo pamoja na kaka yake.

Baada ya hapo kuna vipindi viwili vya kukumbuka. Mapafu yaliyovuta moshi mwingi ndani ya nyumba yanaweza kujaa maji saa kadhaa hadi siku moja au mbili baadaye. Kwenu muda huo umepita, ila yeyote aliyepata kikohozi chenye povu au anayeshindwa kulala chali tangu siku ile asikae nyumbani. Na kama wiki mbili zikipita mtu yeyote humo ndani bado anakohoa, msiendelee kuusingizia moshi. Apimwe makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, kipimo ni bure. Kesho mkija kliniki njoo na pampu na ile chupa. Ukishaiosha kwa sabuni iache ikauke yenyewe bila kuifuta ndani, kitambaa huiacha na umemetuamo, ule umeme mdogo wa msuguano, unaonasa dawa ukutani mwa chupa. Nitataka nimwone mtoto mwenyewe anavyoitumia.